Mtemi na Neno Nililomfundisha

Kila siku alfajiri, mama anapojiandaa kwenda kazini Mtumba, mimi huwa jikoni nakoroga ugali wa uwele na vichwa vya dagaa. Mlaji ni Mtemi. Nikifungua mlango wa nyuma namkuta ameshakaa wima mbele ya sufuria yake, masikio yamesimama, mkia unatimua vumbi. Hagusi chakula mpaka nimruhusu. Nikisema "Haya," ndipo anainamisha kichwa, na dakika mbili hazipiti sufuria inabaki nyeupe.

Mtemi ni mbwa wa aina ya rotwaila. Kama hujawahi kumwona mbwa wa aina hiyo, ni mweusi, ana madoa ya kahawia juu ya macho, kifua kimejaa kama gunia la mahindi, na kichwa chake hata baba hawezi kukizungushia viganja viwili. Mtaa wetu mzima hapa Nkuhungu hakuna mbwa wa kufanana naye. Najivunia, nasema wazi! Lakini mwaka jana nusura auawe kwa kosa ambalo halikuwa lake. Kosa lilikuwa langu mimi, Penina binti Gerson, wa darasa la sita.

Mtemi alikuja kwetu akiwa na miezi minane. Bosi wa mama alihamishiwa mkoa mwingine, hakuweza kusafiri naye, akampa mama. Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Kizota. Akamtengenezea banda imara, kisha akafuata ushauri wa kila mpita njia. Na washauri walikuwa tele! Huyu anasema, "Mbwa wa namna hii asione watu mchana, atawazoea awe bwege." Yule anasema, "Mtilie pilipili kichaa kwenye chakula, ndiyo inaleta ukali." Basi Mtemi akawa anafungiwa kutwa nzima, banda limefunikwa magunia, anafunguliwa usiku tu alinde ua. Akila, machozi yanamchuruzika. Sisi tukadhani ndivyo mbwa mkali anavyolelewa.

Na mimi nikaongeza la kwangu. Jioni, kabla baba hajarudi, nilikuwa namtoa bandani kwa siri. Nilifunga gunia kuukuu kwenye kamba, nikakimbia nalo uani nikipiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Mtemi akilirukia gunia, nampa kipande cha utumbo. Baada ya wiki tatu sikuhitaji tena gunia. Nikitamka tu "Mwizi!" alikuwa anakifuata chochote kinachokimbia, hata kuku. Rafiki yangu Violeth alichungulia juu ya ukuta, akapiga makofi.

"Penina, wewe kiboko!"

Kichwa kikanivimba. Nikajiona mwalimu wa mbwa Dodoma nzima.

Jumamosi moja mchana nilimtoa Mtemi ili nifagie banda. Geti dogo sikulitia komeo. Huko barabarani watoto walikuwa wanacheza polisi na mwizi, na mara mmoja akapaza sauti, "Mwizi! Mwizi huyoo!" Aliyekuwa mwizi ni Matonya, mtoto wa miaka sita wa jirani yetu Mama Anjelina. Matonya akatimua mbio. Mtemi naye akatoka kasi, akalisukuma geti kwa kifua, na nilipofika nje Matonya alikuwa kifudifudi mtaroni, mbwa amemsimamia juu.

Hakumng'ata. Lakini kucha zilimchana mgongoni, na magoti yalivuja damu. Baba alimkimbiza zahanati pamoja na mama yake. Muuguzi akauliza, "Mbwa amechanjwa kichaa cha mbwa? Cheti kiko wapi?" Baba akakiri kwamba hakuwahi kumchanja. Cheti hakikuwepo. Ikabidi Matonya aanze kuchomwa sindano za kumkinga, moja baada ya nyingine kwa wiki nne. Siku hiyo ya kwanza alilia mpaka sauti ikakauka.

Jioni mwenyekiti wa mtaa, Bwana Respicius, alikuja kwetu na majirani kadhaa.

"Gerson, sisi ni majirani na hatutaki ugomvi," alisema. "Lakini mbwa wa aina hii damu yao ni mbaya. Watu wanaogopa kupita hapa. Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ya nne, tukutane ofisi ya mtaa. Kama hujatuonyesha kwamba ametulia, daktari wa mifugo atakuja kumchoma sindano ya kumuua."

Walipoondoka, baba akanigeukia. "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Nini kilimchokoza?"

Nikaliona lile gunia limening'inia pembeni ya banda.

"Sijui, Baba. Alitoka tu."

Kesho yake baba alimleta Afande Paskazia, mama mmoja mrefu aliyestaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kikosi cha mbwa cha polisi. Anatembea mikono nyuma, na hata mbuzi wakimwona wanajipanga.

"Shikamoo, Afande," nilimwamkia.

"Marahaba. Nani anamlisha mbwa huyu?"

"Mimi."

"Basi mwanafunzi wangu ni wewe. Mbwa anaelewa upesi. Wagumu ni binadamu."

Aliyavua magunia yote yaliyofunika banda, mwanga ukaingia, Mtemi akapepesa macho. Kisha Afande akanusa sufuria. "Pilipili! Gerson, ulitaka kumpa ukali au vidonda vya tumbo?" Akamwaga chakula chote. "Na huku kumfungia mchana ndiko kunakomharibu. Mbwa asiyeujua mtaa, kwake kila kitu ni adui, hata mwamvuli. Mlinzi mzuri anamjua jirani na anamjua mgeni."

Baba alikubali yote, maskini, kama mtoto wa shule. Daktari wa mifugo alimweka Mtemi chini ya uangalizi siku kumi, akamkuta mzima, akamchanja na kutuandikia cheti. Mazoezi tulianzia uani, halafu tukatoka barabarani, Mtemi amefungwa mdomo kwa mkanda maalumu wa ngozi. Kaa. Lala. Subiri. Njoo. Mwanzoni alinikokota kama toroli.

"Usivutane naye, hutamweza!" Afande alifoka. "Akivuta, simama. Usiende popote mpaka kamba ilegee."

Nikasimama. Mtemi akavuta, akachoka, akageuka kunitazama. Kamba ikalegea, tukaenda. Baada ya wiki mbili alikuwa anatembea ubavuni mwangu pole pole, na mabibi wauza mboga wakaanza kuniuliza, "Ndiye huyuhuyu?" Nilifurahi, ila kila usiku kabla ya kulala nilimkumbuka Matonya na roho ikanisuta.

Siku ya kumi na tisa tulikuwa tunapita karibu na maduka, kamba ikiwa mkononi mwa Afande. Watoto walikuwa wanafukuzana. Mmoja akaita, "Mwizi!"

Mtemi aliruka. Afande alianguka kwa magoti, akaburutwa hatua tatu, lakini kamba hakuiachia. Watoto wakatawanyika wakipiga mayowe. Alipoinuka alijipangusa vumbi taratibu, na uso wake ulikuwa na huzuni kuliko hasira.

"Penina, mbwa huyu nimemsoma kila kona," alisema. "Ana akili, hana chuki na mtu. Lakini kuna kitu ndani yake sikijui, na mimi simtetei mbwa nisiyemjua. Kesho nitamwambia mwenyekiti kwamba nimeshindwa."

"Afande, watamuua!"

"Najua."

Mtemi alikuwa ameshakaa chini. Akaegemeza kichwa chake kizito kwenye paja langu, kama kawaida yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimwogopa baba, nikamwogopa Mama Anjelina, nikaogopa Violeth na darasa zima watakavyonicheka. Lakini huyu mbwa angekufa, na mimi ningebaki nakula ugali wangu nikijua kwa nini amekufa.

"Afande, ni neno," nilisema, machozi yananitoka. "Ni mimi niliyemfundisha. Nikisema 'Mwizi,' anamkamata anayekimbia. Hata siku ile ya Matonya watoto walilisema neno hilo. Nilijua tangu mwanzo."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Kwa hiyo siku ile mbwa hakukosea," alisema. "Alifanya ulichomfundisha, tena vizuri kabisa. Kisha ukamwacha abebe kesi yako siku kumi na tisa."

Nikalia kwa kwikwi.

"Sikiliza. Neno hilo linapigiwa kelele mtaani kila siku, kwa kweli na kwa mchezo. Likisikika, mbwa wako atamkamata nani? Anayekimbia. Na mtaani wanaokimbia kila wakati ni watoto." Akanipa kamba. "Leo hiihii utamweleza baba yako. Kuhusu majirani, utaamua mwenyewe."

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ya ufundi juu ya magoti. Nilingoja anichape. Akashusha pumzi. "Mimi nilitia pilipili, wewe ukatia neno," alisema. "Tumemkosea wote wawili. Lakini ulinidanganya usoni, Penina, na hilo limeniuma." Ningependelea kuchapwa kuliko kuyasikia maneno yale.

Zikabaki siku nane. Tulianza kulibadilisha neno lenyewe. Violeth anasimama mbali, anasema "Mwizi" kwa sauti ya chini. Mtemi akikaa na kunitazama, anapata utumbo. Akichomoka, hapati kitu, tunaanza upya. Sauti tukaipandisha kidogo kidogo. Siku ya tatu nilikata tamaa. Siku ya sita Violeth alipiga yowe mpaka akakohoa, na Mtemi akakaa chini ananingoja, mate yanamdondoka. Nilirukaruka pale uani kama mwendawazimu!

Ijumaa ikafika. Mbele ya ofisi ya mtaa watu walikuwa wengi kuliko siku ya mkutano wa maji. Upepo wa Dodoma ulipuliza vumbi, Bwana Respicius ameshikilia makaratasi yake. Nilimleta Mtemi katikati, mdomo umefungwa, Afande yuko nyuma yangu na kamba ya pili ya akiba. Kaa, akakaa. Lala, akalala. Watoto wakapita mbele yake na mpira, hakutikisika. Watu wakapiga makofi.

"Mimi nimeridhika," mwenyekiti alisema. "Kama hakuna neno jingine, tufunge."

Zaidi ya watu wa nyumbani, Afande na Violeth, hakuna aliyejua. Ningeweza kunyamaza tu, nirudi nyumbani na mbwa wangu. Nilimtazama Afande. Alikuwa anatazama mbali, hata hanisaidii. Nikanyoosha mkono.

Nilieleza yote, gunia, neno, na uongo wangu. Minong'ono ikazagaa. Mama Anjelina akasimama, Matonya ameng'ang'ania kanga yake.

"Yaani mwanangu kachomwa sindano zote zile kwa mchezo wako? Na kila siku unanipa shikamoo?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Alinikazia macho, kisha akamgeukia Bwana Respicius. "Bwana mwenyekiti, mkutano usifungwe. Hilo neno nitalisema mimi mwenyewe."

Majirani wakawavuta watoto wao nyuma. Afande akakaza kamba yake. Baba akatoka mbele, na viatu vyake vizito vya kazini. "Nitakimbia mimi," alisema.

"Mwiziii!" Mama Anjelina alipiga yowe lililofika mpaka barabara kuu, na baba akachomoka mbio.

Mtemi alisimama ghafla. Nikauona mwili wake wote umekaza, miguu inatetemeka. Sikusema kitu, maana ndivyo tulivyofanya mazoezi. Akamtazama baba anayekimbia. Kisha akakaa chini, akageuza kichwa, akanitazama mimi.

"Ala! Kumbe!" Mama Anjelina alishika kiuno. Uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo. Mimi nilipiga magoti nikamkumbatia Mtemi, sikujali vumbi wala sare ya shule. Jamani, sijawahi kujivuna kama siku ile!

Mama Anjelina akaja akasimama mbele yangu. "Kesho Matonya ana sindano yake ya mwisho. Utamsindikiza wewe, na utamshika mkono."

"Nitamshika, Mama."

Bwana Respicius akakohoa. "Mbwa abaki. Na nilichosema kuhusu damu mbaya, nimekifuta."

Ndipo Afande akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Miaka ishirini na sita sijamwona mbwa wa damu mbaya," alisema. "Nimewaona waliofungiwa gizani, waliolishwa pilipili, waliofundishwa vibaya na watu, halafu watu hao wakanyamaza. Mbwa mwenye nguvu anataka chanjo, mazoezi ya kila siku na kutendewa vema. Zaidi ya yote anataka mmiliki mkweli, kwa sababu mbwa hawezi kujieleza. Mtoto huyu alikosa, na kosa lake liliumiza mwenzake. Lakini leo angenyamaza mngempigia makofi, naye akasema ukweli. Nanyi wazazi, wafundisheni watoto kusema hivyo, hata kama hawana mbwa."

Akaikunja kamba yake ya akiba, akaitia mfukoni.

"Penina, mimi nimemaliza. Mpeleke mbwa wako nyumbani. Pita katikati ya mtaa, watu wamwone."

Nikasema, "Twende, Mtemi." Tukapita katikati ya mtaa, kamba imelegea mkononi mwangu.