Kibanio cha Kushoto

Saa moja na dakika kumi asubuhi, kabla hata hajatundika mkoba wake, Sajini aliona kwamba farasi wa mbao wa kujaribia matandiko ameibiwa. Si farasi mwenyewe. Nani abebe gogo zito kama lile? Kilichoibwa ni kibanio kimoja, chuma kisichozidi urefu wa kidole, na pamoja nacho kazi ya miaka miwili ya mdogo wake.

Sajini alikuwa polisi kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu alikuja kushona ngozi kwenye karakana ya mdogo wake, na waliomjua walisema hakubadilisha kazi: zamani alichoma watu kwa maswali, sasa anachoma ngozi kwa sindano. Mwenyewe hakubisha. Aliipenda ile karakana, harufu yake ya ngozi na nta, na chai ya saa mbili.

Mdogo wake, ambaye kila mtu alimwita Fundi, alitengeneza vyuma vya matandiko ya farasi. Miaka miwili nyuma ulimi wa bizimu lake moja ulipinda, hatamu ikachomoka kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni, na farasi aliyebaki na hatamu ya upande mmoja akaingia na gari lake sokoni, akapita juu ya nyanya za watu. Hakuumia mtu. Mji mzima ulicheka mwezi mzima, isipokuwa Fundi. Tangu siku hiyo alikuwa anatafuta kifungo kisichochomoka. Alivunja vibanio arobaini na moja. Hii jozi ilikuwa ya arobaini na mbili: kulabu yenye mlango wa springi, unaofunguka ukibonyeza kitufe kidogo kama punje ya kunde. Springi moja ilimchukua siku nne kuipika.

Na leo saa nne mwenye farasi, bwana wa magari kumi na moja, angekuja kuona. Jioni anasafiri, hatarudi kabla ya nusu mwaka. Karatasi yake ilikuwa imebandikwa mlangoni tangu juzi: kila mwendeshaji atafunga na kufungua mwenyewe, kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili kazi yake ni kumshika farasi, atakayeshindwa atashuka kwenye kiti, gari apewe mwingine. Waendeshaji waliisoma wakacheka. Kitufe chenyewe mtoto angekibonyeza.

Sajini hakugusa kitu. Alitoa daftari, akaandika saa, akamzunguka farasi wa mbao.

Ubavu wa kulia ulitazama dirisha, palipo na mwanga. Wa kushoto ulikaa ukutani, pamebaki nafasi ya shibiri mbili tu. Walipotaka kufanya kazi upande ule, Fundi na shemeji yake walimkokota farasi kwanza. Leo hakukokotwa, vumbi la miguuni lilikuwa halijavurugwa. Lakini kibanio kilichokosekana kilikuwa cha kushoto. Cha kulia, kinachomkodolea macho kila aingiaye, kilining'inia salama. Ukutani, kimo cha bega, chokaa ilikuwa imefutika. Na hatamu ya kushoto ilikuwa imekatwa kwa kisu, pamoja na kitanzi cha ngozi kilichoshikwa na kile kibanio. Imekatwa vibaya, kama mkate unaokatwa kwa mgongo wa kisu.

Fundi aliingia akifuta mikono. Alitazama, akakaa juu ya pipa.

"Saa nne, dada," alisema. "Saa nne anakuja."

"Najua saa. Nani alifungua mlango?"

"Nani kama si shemeji yangu? Ndiye mwenye ufunguo. Na ndiye anayetengeneza mabizimu. Kibanio kikikubaliwa, bizimu la hatamu limekufa." Sauti ilimpanda. "Miaka saba tunakula sahani moja. Kikulacho ki nguoni mwako."

Bahati mbaya Shemeji, kaka wa mke wa Fundi, alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na ndoo ya makaa. Aliiweka chini taratibu.

"Umenimaliza," alisema.

"Hajakumaliza mtu," Sajini alisema. "Njoo unijibu. Ulifungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Nikaenda uani kuwasha tanuri. Sikurudi huku mbele."

"Ulimwona nani?"

"Mchuuzi wa mabizimu ya kiwandani alichungulia mlangoni, kama saa moja kasoro robo. Akauliza kama Fundi amefika, nikamwambia bado. Na Mzee Polepole alikuwa bombani anamnywesha farasi wake jike, kama kila siku. Tukasalimiana."

"Wewe umewahi kumvalisha hatamu farasi mzima? Anayepumua?"

Shemeji alitazama viatu vyake. "Unajua mimi na farasi. Nawatengenezea vitu, lakini wao wakae kwao na mimi kwangu."

Sajini aliandika. Kisha akatoka kumtafuta Mchuuzi, akamkuta saa moja na nusu kwenye duka la chai la jirani, ameegemeza kitambi kwenye meza.

"Jana ulikuja kwetu ukakichezea kile kibanio," alisema.

"Nilikibonyeza mara kumi. Kitamu kama kubonyeza kalamu. Kitaniua kibiashara, nakwambia kweli."

"Leo asubuhi ulitaka nini?"

"Nilitaka kumwomba Fundi aniuzie mimi haki ya kukisambaza. Mabizimu yakifa, nihamie kwenye vibanio." Alimtazama. "Kimeibwa, eti?"

"Nani kakwambia?"

"Uso wako, mama. Mtu haji kunihoji kabla sijamaliza chai kwa sababu ananipenda."

Sajini alikipima kile kitambi kwa jicho, akafikiria shibiri mbili, akafuta jina lake kwenye daftari. Hata angesukumwa na watu wanne, Mchuuzi asingepita pale ukutani.

Aliporudi, Fundi na Shemeji walikuwa wamekaa pembe mbili za karakana kama jogoo waliotenganishwa. Ilimuuma kuwaona hivyo. Akasimama katikati yao.

"Nisikilizeni. Mwizi aliingia, akakuta vibanio viwili. Kimoja mkononi pake, penye mwanga. Akakiacha. Akajibana ukutani, akajipaka chokaa, ili akachukue cha kushoto. Kwa nini?"

"Kichaa," alisema Fundi.

"Mazoea. Sisi tumezoea kulia kwa sababu ya dirisha. Ni nani huyo ambaye miguu yake inampeleka kushoto kwa farasi bila kumuuliza?"

Kila anayeshika farasi humwendea kwa kushoto. Hufundishwa hivyo siku ya kwanza na hafanyi vingine mpaka anazeeka.

"Mwendeshaji," alisema Shemeji polepole.

"Haya. Na huyo mwendeshaji akafika kwenye kibanio. Kubonyeza tu, kinafunguka, anakiweka mfukoni. Yeye akatoa kisu akahangaika na ngozi nene namna ile. Kwa nini akate?"

Fundi akasema, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, "Kwa sababu hakuweza kubonyeza."

"Jana waendeshaji wote walijaribu," Sajini alisema. "Isipokuwa mmoja. Alisema atajaribu kesho, haraka ya nini."

Sajini na Fundi wakamkuta Mzee Polepole bandani saa mbili kasorobo, anamsugua jike lake la kijivu. Alikuwa ameendesha gari miaka arobaini na hakuna aliyewahi kumwona akishika mjeledi. Bega la koti lake lilikuwa na chokaa.

"Shikamoo, mzee," alisema Sajini.

"Marahaba, mwanangu."

Sajini akatoa kibanio cha kulia, akamwekea kiganjani. "Nifungulie hiki."

Mzee alikitazama. Akajaribu kwa kidole gumba na cha shahada. Vidole vilikuwa vimevimba viungoni, vimepinda, na vilipokutana juu ya kile kitufe vilitetemeka tu. Akajaribu tena. Jike lilimgusa shingoni kwa pua. Akashusha mkono.

"Kiko chini ya mto wa kiti changu," alisema. "Sikutaka kukiharibu. Nilitaka nikirudishe bwana akishaondoka."

"Umenivunjia miaka miwili," alisema Fundi.

"Najua. Nimekaa na hilo tangu asubuhi, na ni aibu kubwa. Lakini bizimu, mwanangu, mikono yangu inalijua, inalifungua hata nikisinzia. Hiki chako kidogo mno. Ningesimama mbele ya wote nishindwe kwa kunde moja, kisha huyu apewe mtu wa mjeledi." Alimpapasa jike. "Mke wangu alifariki, watoto wako mbali. Asubuhi nikiamka, naamkia huyu."

"Ungesema," Sajini alimwambia. "Mficha uchi hazai, mzee wangu. Ungekuja kwetu ukasema vidole vinauma, basi."

"Mwanaume wa miaka sabini na moja aseme vidole vinauma?"

"Ndiyo. Ni rahisi kuliko kukata ngozi kwa kisu butu. Ile hatamu niliishona mimi."

Fundi alikuwa ameushika ule mkono uliopinda, anaugeuza huku na huku kama anavyogeuza chuma anachotaka kukipiga. Hasira ilikuwa imemtoka bila yeye kujua.

"Ubavu wa kiganja una nguvu?" aliuliza.

"Nguvu ipo. Vidole ndivyo vimegoma."

"Na wakati wa baridi wenzako wanavaa glavu nene, sivyo? Wanabonyezaje kunde kwa glavu?" Alikuwa anajiuliza mwenyewe. "Nimekibuni kwa vidole vyangu. Mjinga mimi. Tuondoe kitufe, tuweke jani la chuma, pana, la kuinua kwa ubavu wa mkono. Farasi anajua kusugua shavu, hajui kuinua. Hakitachomoka." Akageuka. "Dada, saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika tano."

Fundi alichomoa kibanio cha kushoto chini ya mto wa kiti, akakimbia. Mlangoni mwa karakana alisimama mbele ya Shemeji.

"Nimekukosea mbele ya watu. Nisamehe."

"Nitakusamehe jioni," alisema Shemeji, tayari anafunga aproni. "Sasa hivi niambie jani lina upana gani. Bamba la mabizimu ninalo, tena nyororo."

Wakapiga, wakatupa yaliyoharibika, wakapigilia misumari ya ribiti bega kwa bega. Sajini alishona hatamu mpya na kitanzi kipya, na chai ya saa mbili ikapoa bila kuguswa.

Saa nne kamili mwenye farasi alifika na glavu zake za ngozi. Jike la kijivu lilikuwa limefungwa vibanio vyote viwili. Waendeshaji kumi na mmoja walipanga mstari, na Mzee Polepole akiwa wa kwanza, rangi imemtoka.

"Ngojeni," alisema mwenye farasi. "Nianze mimi."

Akamshika farasi kwa mkono wa kushoto, akabonyeza jani. Halikusogea. Akabonyeza kwa nguvu. Akaanza kukunja uso.

Mzee Polepole akapiga hatua moja mbele.

"Usibonyeze, bosi," alisema. "Inua. Hivi." Akapitisha ubavu wa kiganja chake chini ya jani, mara moja, na kibanio kikafunguka. Akakirudisha, kikajifunga kwa mlio mdogo. Akafungua tena, bila kukitazama.

Mwenye farasi akajaribu na glavu zake. Kikafunguka. Akakitikisa, akakivuta, akamsugua nacho jike shavuni. Hakikuchomoka.

"Magari yote kumi na moja," alisema. Kisha akamgeukia Fundi. "Hili jani ni wazo la nani?"

Fundi alimtazama dada yake. Sajini, aliyewahi kuwapeleka watu wengi mbele ya hakimu, alikuwa anatazama juu ya paa.

"La Mzee Polepole," alisema Fundi. "Amelileta leo asubuhi."