Nafasi Upande wa Kushoto

Siku ya soko mjini Kisii, mwaka wa 1966, Tryphosa Mokeira alikimbia mvua akajikuta ndani ya studio ya mpiga picha Cleophas Ongeri, viatu mkononi, gauni la maua limemganda mwilini. Wengine waliojibanza humo walitazama mvua. Yeye alitazama picha kuukuu ukutani.

"Hii bandari ni ya wapi?"

"Pwani, zamani sana. Muhindi aliyeniuzia studio aliiacha."

Picha ilikuwa na rangi ya chai iliyopoa. Mashua zilirundikana nyuma kabisa, mbele maji matupu, na ukingoni kulia mwanamke mmoja kwenye ngazi.

"Mji mzima una mtu mmoja?"

"Walikuwa wengi. Kamera za wakati huo zilikuwa polepole. Aliyetembea alitoka kama moshi, au hakutoka kabisa. Huyu alitulia."

"Anangoja nani?"

"Mpiga picha ameacha nafasi yote hiyo ili uulize."

Jumamosi tatu mfululizo Tryphosa, aliyekuwa mwalimu, alishuka kutoka kwao Kebirigo.

"Umekuja kuona picha au mwenye picha?" Ongeri alimtania.

"Picha. Mwenyewe hana sura."

Jumamosi ya tatu akampiga picha. Alimsimamisha mwisho kulia, kushoto akaacha patupu. Nafasi ile aliiacha kwa ajili yake mwenyewe, na alikusudia kumwambia hivyo akija kuichukua picha. Lakini siku hiyo studio ilijaa watu wa harusi, naye akampa bahasha tu. "Iangalie vizuri ukifika nyumbani." Bwana huyu alikuwa na macho mazuri na mdomo mzito, na kilichohitajika ni mdomo.

Kule Kebirigo, mama yake Tryphosa aliigeuzageuza ile picha.

"Mokeira, mwanaume mliyemwondoa hapa ni nani?"

Kufikia Jumapili majirani nao waliuliza. Picha walizozijua zilijaa watu, kwa hiyo waliamini penye pengo palikuwa na mtu aliyeondolewa. Tryphosa alilia. Yeye aliona jambo baya zaidi: kwamba Ongeri ameujua upweke wake, akaufanyia mzaha.

Ongeri alipiga simu shuleni.

"Mokeira wangu, ile picha..."

"Umenitoa kama mtu aliyeachwa. Usinitafute tena."

Simu ikakatwa. Muhula uliofuata Tryphosa akahamishiwa Kisumu.

Miaka sita Ongeri alipiga picha harusi za watu. Adhuhuri alifunga mlango akanywa chai peke yake, akitazamana na ukuta. Aliumia, na hakuwa na wa kumwambia.

Mwaka wa 1972 Tryphosa aliingia akitaka picha ndogo ya pasipoti. Alikuwa amepata kazi Uganda. Kabla hajaketi aliiona nakala ya picha yake, imetundikwa kando ya ile ya bandari. Akazitazama zote mbili, moja baada ya nyingine.

"Kumbe ulinisimamisha kama yule."

"Ndiyo."

"Na nafasi ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Ukashindwa kusema neno moja."

"Nilishindwa."

"Nilikuwa mpweke, Ongeri. Nilikuchukia kwa sababu uliuona."

Ongeri akaweka kiti katikati, tayari kwa pasipoti. Tryphosa akakipita, akasimama mwisho kulia.

"Kamera yako inaweza kujifyatua yenyewe?"

"Inaweza. Baada ya sekunde kumi."

"Basi itegeshe, uje."

Alikuja mbio akagonga kiti, akasimama penye ile nafasi ya kushoto akihema. Tryphosa akamshika mkono.

"Tulia," alimwambia. "Sitaki utoke kama moshi."