Daftari Lenye Jalada la Mfuko wa Saruji

Uvumi ni kama harufu ya ndagala: ukiushika asubuhi, jioni bado uko mkononi. Swabra, muuza ndagala, wale dagaa wakavu, wa Magarama mjini Gitega, aliushika wake Jumatatu, na hadi Alhamisi ulikuwa haujamtoka. Alipima ndagala nao, akapika nao, akalala nao.

Uvumi huo ulitoka Muyinga kwa simu, kinywani mwa mdogo wake Bahati, ambaye huuza vitambaa na miavuli katika soko la Gasorwe.

"Dada, jihadhari na huyo binti yako anayechora!" Bahati alisema. "Kuna madamu alipita huku, anakusanya michoro ya watoto. Eti ataitoa kwenye gazeti! Lucia, mtoto wa jirani yangu hapa sokoni, alimpa daftari zima, lile lenye jalada la mfuko wa saruji. Miezi minne sasa, si gazeti, si daftari. Ataitoa michoro kwa jina lake mwenyewe, we subiri tu."

Swabra alikuwa na sababu ya kuogopa. Binti yake Nuru, mwenye miaka kumi na miwili, alichora kila palipobaki peupe. Hata karatasi za kufungia ndagala hazikusalimika. Wateja walikwenda nyumbani na samaki pamoja na mbuzi aliyevaa miwani.

Alhamisi hiyo Nuru alirudi kutoka shuleni akikimbia, mkoba ukimpiga mgongoni.

"Mama! Lile gazeti la watoto, mwisho wa kupokea katuni ni kesho saa sita mchana. Mwalimu Venansi ameiona yangu, amesema niipeleke. Na ruhusa ya kukosa darasa kesho amenipa."

"Nani anapokea?"

"Madamu mmoja, anaitwa Ursula. Anazunguka kote kutafuta watoto wanaochora. Hata Muyinga alishafika."

Kopo la kupimia lilimtoka Swabra mkononi, ndagala wakamwagika. Akainama kuwaokota. Lakini Nuru alipokwenda kuteka maji, mama alilichukua daftari la katuni, akalifunga kwa mfuko wa plastiki, akalizika ndani kabisa ya gunia la ndagala.

Jioni Nuru alitafuta juu ya kabati, chini ya kitanda, hata ndani ya sufuria.

"Mama, hujaona daftari langu?"

"Sijui, mwanangu," alijibu Swabra akiutazama ukuta.

Siri ya gunia haidumu penye paka. Asubuhi, paka wa jirani aliingia dukani, akalirarua gunia kwa kucha, akaanza kuvuta alichodhani ni samaki mkubwa kuliko wote. Likatoka daftari. Nuru akalitazama daftari, kisha akamtazama mama yake.

"Mama, ulisema hujui."

Swabra alijisikia kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Alikaa juu ya kiti cha mbao.

"Nilidanganya, mwanangu. Niliogopa wasikuibie. Lakini nimekuibia mimi." Akamsimulia yote aliyosema Bahati.

Nuru alifuta machozi, akanusa daftari, akakunja pua. Kisha, hakujua kwa nini, akacheka. "Sasa hata mwizi hatalitaka!"

Mama naye akacheka, akainuka na kujifunga kitenge vizuri. "Haya, twende wote. Lakini daftari nitalishika mimi, na huyo madamu atanijibu."

Walitembea haraka, paka akiwasindikiza hadi njia panda. Ofisi ya gazeti ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu na kabati la vioo. Ursula, mwanamke mwembamba aliyekulia Tanzania, aliwakaribisha kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula.

"Karibuni sana. Shikamoo, mama."

"Marhaba. Lakini mi sikuja kusalimiwa," alisema Swabra, daftari amelibana kwapani. "Nimekuja kuuliza. Daftari la mtoto wa Gasorwe iko wapi?"

"Daftari lipi, mama?"

Kabla Swabra hajajibu, macho yake yalitua kwenye kabati. Nyuma ya kioo palikuwa na daftari lililofunikwa kwa karatasi ya kahawia, na maandishi ya saruji yakionekana nusunusu.

"Hilo! Jalada la mfuko wa saruji! Nuru, umeona? Uvumi haukudanganya!"

Ursula hakukasirika. Alishika kichwa kwa mikono miwili, uso ukang'aa. "Mama, unamjua mwenye daftari hili? Nimemtafuta miezi minne! Michoro mizuri kuliko yote niliyopata, na haina jina hata moja. Sikuweza kuitoa bila jina la mwenyewe. Nilirudi Gasorwe mara mbili, shule ilikuwa imefungwa."

Swabra alipapasa pindo la kitenge. Kisha akatoa simu, akampigia Bahati, akaweka sauti kubwa. Kwa bahati njema ilikuwa siku ya soko, na Lucia, anayesoma zamu ya mchana, alikuwa palepale akimsaidia mama yake kupanga nyanya; Bahati akamwita kwa jina, akampa simu.

"Lucia, mbona hukuniambia jina lako?" aliuliza Ursula.

"Nilikuambia, madamu!" sauti ndogo ikajibu. "Siku ya kwanza, pale shuleni, ulituuliza wote majina. Siku ya pili nikakuletea daftari sokoni. Ukaniuliza, 'Na jina?' Nikakujibu, 'Jina? Ejo!'"

Nuru akaangua kicheko, na Swabra akapiga paja.

Kwa Kirundi, ejo ni jana, na ejo ni kesho pia. Mpaka uongeze neno jingine ndipo mtu ajue unakwenda mbele au unarudi nyuma. Lucia alimaanisha jana. Ursula, ambaye Kirundi chake kilikuwa bado kinachechemea, alisikia kesho.

"Nami kesho yake nikakaa sokoni kutwa nzima nikikusubiri!" alisema Ursula, akijifuta machozi ya kicheko. "Jua likaniwakia mpaka nikanunua mwavuli!"

"Ni mimi nilimuuzia huo mwavuli!" Bahati alipiga kelele kwenye simu. "Yoo! Kumbe ni huyo! Nisamehe, madamu, nimekusema vibaya soko zima."

"Umemsema mpaka Gitega," alisema Swabra. "Na mimi nikaubeba uvumi wako."

Hapo ndipo Ursula alipolifungua daftari la Nuru. Kwanza alipiga chafya. Kisha akatazama. Katuni ilionyesha mama mmoja akipima ndagala huku masikio yake yakikua kwa kila neno analosikia, hadi mwisho yakawa mapana kama ungo, wateja wakaanikia ndagala juu yake.

"Huyu ni nani?" aliuliza Swabra polepole.

"Ni... mama mmoja tu," Nuru alijibu, akiangalia viatu vyake.

"Kitenge chake nakifahamu," alisema mama. Akatazama tena. Mabega yake yakaanza kutikisika, kicheko kikamtoka. "Acha iende! Masikio hayo nimeyapata kwa jasho langu. Lakini siku nyingine uniombe ruhusa kwanza."

Ursula aligeuza ukurasa mbele na nyuma. "Nuru, jina lako liko wapi?"

Nuru akakuna kichwa. Hakuwa ameandika. "Niliona ni majivuno," alijibu.

"Jina si majivuno," alisema Ursula. "Ni njia ya kurudia nyumbani. Daftari la Lucia lilikosa njia hiyo, na watu wazima tukaitana wezi. Na penseli hii gazetini haitaonekana. Maneno nayo yamebanana. Una saa nzima. Kaa hapa."

Nuru alikaa mezani, akafuatisha mistari kwa kalamu ya wino mweusi, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni. Saa sita kasorobo aliandika chini ya kila ukurasa: Nuru, Magarama, Gitega. Ursula akatoa nakala, akampa mama pamoja na karatasi iliyotiwa sahihi, inayosema alichopokea na kutoka kwa nani.

Gazeti lilipotoka, Lucia na Nuru walikuwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, majina yao yakisomeka hata kwa mbali. Watoto wa Magarama walijaa dukani wakiuliza nao wafanyeje. Swabra, ambaye shule yake iliishia darasa la sita, alichukua karatasi safi ya kufungia ndagala, akaandika kwa mkono wake na kuibandika mlangoni:

Wanangu mnaoandika na kuchora, jiepusheni na haya.

Usipeleke kazi bila jina lako na mahali unapokaa.

Usitoe daftari la pekee. Baki na nakala.

Usimpe mtu kazi yako bila mzazi au mwalimu kujua, wala bila karatasi ya kupokelewa.

Usichore kwa penseli tu, wala usibane maneno.

Usiige kazi ya mwenzako ukasema ni yako.

Usimchore mtu kwa kumcheka kabla hujamwomba ruhusa. Hata mama yako.

Usingoje saa ya mwisho.

Usiamini uvumi. Nenda ukaulize.

Wazazi, msifiche daftari la mtoto. Paka atawaumbua.

Na usiseme ejo. Sema jana, au sema kesho.