Sauti Kutoka Ng'ambo ya Korongo

Ilikuwa mwaka 1999, mwezi wa Novemba, majira ya mvua, vita vya pili vya nchi ile vikiwa vimeuanza mwaka wake wa pili. Maiti ya Térence Manirakiza, muuguzi wa mtaa wa Nyamianda, ilipatikana siku ya Jumapili chini ya korongo, katika mlima ulio nyuma ya mji wa Uvira. Alikuwa amepanda peke yake Jumamosi asubuhi, akikusudia kurudi kabla ya jua kutua.

"Ni wenye bunduki," watu walisema. Siku zile neno hilo lilitosha kufunga kesi.

Inspekta Hyacinthe Ngendakumana hakuifunga. Marehemu alikuwa na viatu miguuni na saa mkononi, na wenye bunduki hawaachi viatu. Mwilini hapakuwa na jeraha la risasi wala dalili ya kushikana na mtu. Mfukoni mlikuwa na rozari, msalaba wake umevunjika mkono mmoja na kufungwa kwa waya wa shaba.

Akamwonyesha Agathe, mjane wa marehemu.

"Hii ni ya mume wako, mama?"

"Sisi ni Wapentekoste, papa Inspekta. Rozari tutaifanyia nini?"

"Aliipata wapi?"

"Wakati wa kukimbia vita vya kwanza, mwaka wa tisini na sita. Alikuta mama mzee wa kijiji cha Runingu ameachwa kando ya barabara. Akakaa naye mpaka akakata roho, akamzika. Juzi akasikia mtoto wa yule mama iko huko mlimani. Akasema, 'Nampelekea kitu cha mama yake, basi.'"

"Mtoto huyo anaitwa nani?"

"Hakuniambia. Nilimuuliza sana. Akanijibu, 'Aibu ya mtu si yetu kuitangaza.'" Agathe alijifunika kitenge kichwani. "Nitapanda nione pale alipoangukia."

"Hutapanda, mama. Mawingu yameshuka."

"Weye unapanda."

Inspekta alipanda Jumatatu, peke yake, kwa kuwa askari wawili aliopewa walikataa kuingia mawinguni. Tangu Ijumaa mvua haikuwa imenyesha. Wingu lilikuwa limeulalia mlima tu. Katika udongo mwekundu alizitambua nyayo za marehemu kwa alama za viatu vyake. Mahali fulani visigino vilikuwa vimezama: hapo Térence alisimama. Kisha nyayo ziliiacha njia, zikakata majani na kwenda moja kwa moja, bila kusita, hadi ukingoni. Hapakuwa na nyayo za mtu wa pili.

Hyacinthe alisimama palepale aliposimama Térence. Wingu lilizidi kuwa zito, hata mkono wake mwenyewe hakuuona. Akafanya kama afanyavyo kila mpandaji wa mlima ule: akatulia, akaita.

"Korongo!" sauti ya mwanamke ilimjibu kutoka mbele. "Simama, papa! Korongo iko kati yetu! Pitia juu!"

Hiyo ndiyo desturi ya mlima. Anayepotea mawinguni huita, anayesikia hana budi kujibu, na mpotevu huifuata sauti. Lakini aliyejenga ng'ambo ya korongo hutaja korongo kwanza, kabla ya neno lingine lolote. Vita vilikuwa vimewafunga wengi midomo, ila desturi hakuna aliyeisahau.

Inspekta alizunguka kwa juu, akiongozwa na sauti ile, hata akafika kwenye nyumba ya udongo. Noella, mwenye sauti, alimpa kiti. Mumewe, Clovis, alikuwa akichonga mpini wa jembe.

"Jumamosi ulikuwa wapi, ndugu?"

"Hapa hapa."

"Ulisikia mtu akiita?"

"Hapana."

Noella alicheka. "Masikio yako yamezeeka kabla yako? Mutu aliita, na weye ulimujibu. Minye nilikuwa jikoni."

"Nyamaza, Noella."

"Kujibu ni kosa?" Mwanamke alishangaa kweli.

"Alijibu nini, mama?" Inspekta aliuliza.

"Alisema, 'Njoo.'"

"Alitaja korongo?"

"Hapana..." Noella alisema. Akamtazama mumewe, na kicheko kikamwisha usoni.

Hyacinthe aliiweka rozari juu ya meza. Mpini ulimponyoka Clovis mkononi.

"Waya huu niliufunga mwenyewe," alisema polepole. "Msalaba ulivunjika nilipokuwa mdogo. Mama hakutaka mwingine."

"Ulimwacha barabarani."

"Miguu yake ilikuwa imevimba. Risasi zilikuwa nyuma yetu. Nilimwambia, 'Nakuja, mama, natafuta maji.' Sikurudi." Alijifunika uso. "Hapa nilisema alifia mikononi mwangu. Baba mkwe alinipa binti yake kwa sababu hiyo. Alisema, 'Aliyemzika mama yake atamtunza na mke.' Sasa yule muuguzi ananitumia salamu sokoni, eti Jumamosi anakuja, ana neno la mama. Nilijua anakuja kunivua nguo mbele ya watu."

"Hakumwambia hata mke wake jina lako," Inspekta alisema. "Alikuletea rozari, basi."

Clovis hakulia. Alinyoosha mikono yote miwili, akafungwa pingu. Noella alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake, kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

Ndipo waliposikia sauti ng'ambo.

"Weee! Kuna mutu?"

Inspekta aliitambua: Agathe. Alikuwa amesimama mahali palepale. Hyacinthe alifumbua kinywa ili ajibu.

"Niachie minye," Clovis alisema. "Jibu hili nadaiwa tangu Jumamosi."

Alitoka uani na pingu zake.

"Korongo!" Sauti ilimpasuka. "Simama, mama! Korongo iko kati yetu! Geukia mkono wa kuume, panda! Panda tena! Fuata sauti yangu, usiiache!"

Aliita bila kupumzika, hata koo likakauka na sauti ikabaki ya mkwaruzo. Naye hakunyamaza mpaka wingu lilipomtoa Agathe, umande umemlowesha hadi magotini. Hakuziona pingu.

"Asante, ndugu yangu," Agathe alisema. "Bila weye ningekufa."

Clovis aliinamisha uso, asijue pa kuuficha.