Chupa Tatu za Maji ya Moto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Babu Joto, mwasha boila wa hospitali ya mlimani, alilikuta boila, tanuri linalopeleka joto wodini kwa mabomba, limezimika na masizi yametapakaa. Kilango cha hewa kilikuwa kimefungwa kabisa. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kilango hicho huachwa wazi vidole viwili ili moto upate pumzi. Hospitali nzima ilijua, maana Babu Joto hakuwa na hadithi nyingine.

"Ikifika saa nne sijamjua aliyefunga," daktari mkuu alisema, makoti mawili mwilini, "nitaandika ni uzembe wako, mzee, na kazi huna."

Matroni, mwanamke wa maneno machache, alianzia uchunguzi wodi ya wazazi. Vichanga watatu walilala fofofo, kila mmoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Akamshukuru Mungu, akaenda kwa fundi mgeni aliyepanda juzi kutoka bondeni.

"Jana mlibishana na Babu Joto."

"Tulibishana. Kitabu kinasema kidole kimoja. Ningekigusa mimi, ungekikuta wazi kidole kimoja, si kimefungwa."

Matroni alimwamini. Huyu alikuwa mtu wa kupiga pasi hata leso.

Mpishi alikuwa na masizi mpaka kwenye viwiko.

"Ya jiko langu la kuni haya!" alifoka. "Tangu saa kumi nakanda mkate. Muulize Mama Mashuka, alikuja saa kumi na moja kuchukua maji ya chupa za watoto."

Matroni akaacha kuandika. "Saa hiyo mabomba yalikuwa na joto?"

"Joto tele. Nilikuwa na fulana tu."

Saa nne kasoro dakika kumi, Matroni aliingia chumba cha kufulia pamoja na daktari na Babu Joto. Mama Mashuka, mfuaji, mke wa Babu Joto, alikuwa akikunja shuka.

"Dada, ulijaza chupa wakati wodi bado ina joto. Ulijuaje kwamba litakatika?"

Mama Mashuka aliiweka shuka chini taratibu.

"Mmenikamata. Kilango nilikifunga mimi. Miaka mitatu mume wangu ananiambia tutashuka bondeni mwakani. Ana wajukuu wanne hajampakata hata mmoja! Eti boila halina mtu mwingine wa kulitunza. Nikaona wakimfukuza, tutaondoka. Ila watoto wa watu wasipate baridi."

"Si ungeniambia?" Babu Joto alisema.

"Nimekuambia mara ngapi? Wewe unasikia boila tu."

Babu Joto aliona aibu, na chini ya aibu hiyo akaona raha kwamba bado anatakiwa kiasi hicho. Daktari alimkaripia Mama Mashuka vikali, kisha akaichana karatasi ya kumfukuza Babu Joto.

Babu Joto alimvuta fundi mgeni mpaka kwenye boila.

"Weka vidole hapa. Viwili." Akavitazama, akaguna. "Vyako vyembamba. Wewe weka vitatu. Andika kwenye kitabu chako, mimi Jumamosi nina safari."