Salongo ya Duka la Manukato

Kila Jumamosi asubuhi Débora alifagia ua, akachota maji, kisha akamfuata mama yake kwenye salongo, kazi ya kusafisha mtaa ambayo watu wa Kamina huifanya pamoja bila malipo.

Jumamosi moja mjomba wake Mathieu alimwita. "Mwipwa yangu, pita nyumba kwa nyumba. Ambia bamama, salongo ya leo iko pale kwa duka mupya, karibu na gare, pale treni inasimama. Wenye watatumika leo, njo patron wa duka atapatia kazi."

Duka lile lingeuza manukato, saa za dhahabu na viatu vya ngozi. Mama yake Débora, aliyeuza mihogo juani, aliitamani sana kazi hiyo. Débora akakimbia mlango kwa mlango. Wanawake wakaja na majembe, wakakata majani, wakabeba matofali, wakaosha vioo mpaka jioni.

Duka lilipofunguliwa, wauzaji wote walikuwa wametoka Lubumbashi.

"Weye njo ulituita!" jirani yao, Mama Kalombo, alimfokea Débora, akimwita mwongo. "Mutoto mudogo, bongo mukubwa!"

Mama yake hakumtetea. Alikaa tu akiitazama mikono yake yenye malengelenge.

Débora akaenda dukani, akamngoja meneja, Madame Gisèle, mlangoni. "Madame, bamama betu balifanya salongo hapa. Kazi yabo iko wapi?"

"Salongo? Hii duka iko ya mutu, haiko ya mutaa! Nilipatia Mathieu feza ya kulipa bantu."

Siku hiyohiyo Madame Gisèle alifika mtaani, akamuuliza Mathieu mbele ya wanawake wote. Mathieu akainamisha kichwa. "Feza, minyi nilikula. Kazi, hakuna mwenye aliahidi; ni minyi nilitunga."

"Hata minyi, dada yako?" mama yake Débora akauliza. 

Mathieu aliuza baiskeli yake, akawalipa. Madame Gisèle naye, aliyekuwa bado anatafuta wasafishaji, akawachukua wanawake wawili: Mama Kalombo na mama yake Débora.

Jioni mama alimketisha Débora kando yake. "Mwanangu, siku ingine mutu akikutuma na ahadi, uliza kwanza mwenye kuitoa. Feza ya mjomba wako imerudi. Lakini akiniambia neno tena, hata la kweli, nitaenda kuuliza kwa bantu bengine. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, na inaniuma. Weye, usinifikishe pale."