Ghala Lililoitikia Hodi

Mimi ni fundi cherehani, na futi ya kupimia haitoki shingoni mwangu hata nikienda msibani. Ndiyo maana wakili wetu alinituma mimi.

"Dada, kapime zile alama za kucha ukutani mle ghalani kabla hawajapiga lipu," aliniambia kwenye simu, jua likielekea kuzama. "Kesho kesi inasikilizwa, na mwenye ghala keshaleta saruji."

Nililiacha gauni la bibi harusi wa watu mezani, lina mkono mmoja, nikafunga duka.

Ghala lenyewe liko nyuma ya kituo cha mabasi. Wakati wa mauaji ya kimbari, kabla sijazaliwa, watu wetu walifungiwa humo wakiambiwa wanahifadhiwa. Hakutoka mtu. Shangazi yangu, mdogo wake baba, alikuwa mle. Aliyeshika ufunguo tunamjua. Tunamwita Msimamizi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyokuwa nayo pale ghalani. Siku hizi ni mzee wa watu, mvi safi, kila sherehe anawekewa kiti cha mbele. Chama chetu cha ndugu wa marehemu kilihangaika miaka na mikaka mpaka kumfikisha kizimbani, na hapo tukagonga mwamba. Alidai siku hiyo hakuwapo. Na nani angembishia? Waliokuwa ndani wamekufa wote. Kesho tukishindwa, basi tena. Baba alikuwa hali wala halali.

Chama kina desturi yake. Kila mahali walipouawa watu tunapiga hodi kabla ya kuingia, na tunaaga kabla ya kutoka. Aliianzisha mwenyekiti wetu, muuguzi mstaafu. Anasema marehemu ndio wenye nyumba. Mimi huwa napiga hodi kwa mzaha. Nani ataitika?

Mlinzi alinifungulia, akavuta kiti chake pale mlangoni, akaanza kumenya chungwa.

"Hodi wenyewe! Fundi wenu nimefika!"

"Karibu."

Nilimgeukia mlinzi. "Umesema karibu?"

"Mimi?" Mdomo wake ulikuwa umejaa chungwa.

Nikajiambia ni mwangwi, nikaingia. Ujinga wangu ndio huo.

Ndani palinuka vumbi na saruji mpya. Niliwasha taa ya simu nikapima alama. Nyingine zilikuwa kimo cha kifua. Nyingine kimo cha goti, na hizo zilinikata maini. Kisha nikataka kupima upana wa sehemu iliyochubuka. Niliibana ncha ya futi chini kwa kipande cha tofali, nikavuta. Ikachomoka. Nikaibana tena, nikavuta... safari hii ikakaza. Ikanyooka sawasawa, ncha yake ikapanda mpaka kimo cha kifua changu.

Tofali lilikuwa sakafuni, peke yake.

Kuna mtu alikuwa amenishikia.

Niliiachia. Haikuanguka.

Harufu ikabadilika. Jasho... pumzi za watu wengi waliokaribiana mno. Taa ya simu ikazimika. Nikautafuta mlango kwa viganja. Ukuta. Ukuta. Ukuta tena... kisha bega la mtu, lenye joto.

"Naomba kuondoka," nikaaga, nikihema.

"Bado."

Ilikuwa sauti laini ya mwanamke, sikioni kabisa.

"Wewe mtoto wa kaka. Nimekujua kwa kuhema. Kaka naye akiogopa alikuwa anahema hivyohivyo."

"Shangazi?"

"Usisukume. Kuna watoto hapo chini."

Nikabanwa. Vifua mbele, migongo nyuma, na miguuni vidole vidogo vinashika sketi yangu. Mkono hauinuki. Kukaa hukai. Hewa unayovuta keshaivuta mwenzako. Kucha zikaanza mlangoni... kwaruu... kwaruu... Na huko nje mwanamume akacheka.

"Lieni taratibu, mtaniamshia mke. Asubuhi nitawafungulia."

Sitaki kujipamba: sikuikumbuka kesi, wala sikumkumbuka baba. Nilitaka kutoka tu. Na hapo mdomo ukaponza kichwa.

"Niacheni! Nitawasemea! Wote, mmoja mmoja, nitawasemea!"

Kucha zikanyamaza.

"Umeahidi?"

"Nimeahidi, shangazi. Nimeahidi!"

Mlango ukawa wazi mbele yangu. Mlinzi alikuwa palepale kitini, chungwa hajalimaliza.

"Mbona upesi hivyo, dada?" akasema, akichungulia nyuma yangu. "Na hao wenzako, watafunga wenyewe?"

Nilikimbia.

Kesho yake hakimu aliniuliza vipimo tu. Nikafungua mdomo.

"Tulikuwa tumesimama," nikasema, kwa sauti laini isiyokuwa yangu. "Nilimwomba maji. Akacheka. Akasema tulie taratibu, tutamwamshia mke. Akasema asubuhi atatufungulia."

Baba akainuka kwenye benchi. Na Msimamizi akakishika kizimba kwa mikono miwili.

"Wewe nilikufungia mwenyewe!" akapiga kelele. "Nilisikiliza mpaka ukanyamaza! Umetokea wapi?"

Wakili hakuwa na swali jingine.

Alipohukumiwa, watu walilia, wakakumbatiana, wakanibeba juujuu. Baba hakushangilia. Alinishika kidevu, akaniangalia usoni kwa muda mrefu. "Sema tena kidogo," aliniomba, "sema tena, mdogo wangu." Lakini shangazi alikuwa ameshaondoka, nami nililia kwa kushindwa kumpa hata neno moja.

Nilidhani yamekwisha. Ahadi ni deni, na mimi sikumwahidi shangazi peke yake.

Aliyefuata alikuwa mwoka mikate. Nilikuwa nampima mteja kiuno, nikasikia sauti nzito ikitoka kooni mwangu, ikieleza mikate aliyoiacha jikoni inaungua. Alipomaliza, akatoka. Akaja bibi kizee. Akaja mwalimu. Kila mmoja husema yake, kisha huniachia mwili. Mwenyekiti huja na kinasa sauti. Anasema ni ushahidi wa kesi nyingine, na macho yanamng'aa, Mungu amsamehe. Wateja wamenikimbia wote. Mume wangu ndiye anayepika sasa. Nilivumilia, kwa kuwa kila aliyemaliza alitoka.

Juzi kaja mwingine. Nilikuwa nimesimama dirishani, magoti yakalegea, nikaanguka, nikaanza kulia. Hakikuwa kilio cha mtu mzima. Mume wangu alinipakata sakafuni, akanibembeleza, machozi yanamtoka. Mwenyekiti akasogeza kinasa sauti mdomoni kwangu, akasubiri neno.

Akasubiri.

Mwisho akakizima, akaondoka bila kutuaga.

Huyu hajajifunza kusema. Naandika haya upesi kwa sababu amesinzia, na sasa hivi nahisi anaamka, na ana njaa.